Njia Iliyochorwa Bila Mtu

Sikuombi uniamini kwa sababu nimesoma. Kusoma kwangu ndiko kunakonisumbua. Mimi ndiye kijana aliyekuwa akiwauliza wazee wa Kabambare: huyo mchawi mliyemwona akiruka, alikuwa na uzito gani? Walinicheka, wakasema chuo kikuu cha Léopoldville kimeniharibu. Basi haya sikuyasikia kwa mtu. Niliyaona kwa macho yangu, jua likiwa halijatua, na sikuwa nimekunywa kitu.

Ilikuwa likizo. Nilikaa kwa kaka yangu Assani, kwenye barabara ya kwenda Wamaza, ambako alilima pamba ya lazima, ile iliyoamriwa na serikali, kama wanaume wote wa huko. Mkewe, Mariamu, alikuwa amejifungua karibuni mtoto wao wa kwanza, na siku hizo Assani hakukubali kutoka hata kwenda sokoni Kasongo. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walidai kwamba alikimbia.

Mvua ilinyesha asubuhi nzima. Mchana akaja mgeni, mwanamume wa makamo, amebeba vitambaa vilivyoviringishwa begani. Alipiga hodi, akakaa barazani, nami nikatazama miguu yake. Barabara ilikuwa tope tupu. Miguu yake ilikuwa mikavu, ina vumbi. Nikajiambia labda ameiosha mtoni. Lakini nani anaosha miguu halafu anaipaka vumbi?

Alisema yeye ni mchoraji, anatembea nchi na kuchora anayoyaona. Mariamu akamletea bugali na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Alipokuwa akila tulifungua vitambaa vyake: ziwa Tanganyika na milima iliyosimama nyuma ya maji, mto Lualaba karibu na Kasongo, mpana, rangi ya chai, na msitu wa upande wa Warega, mweusi kabisa, na mwanga kidogo umepenya juu. Nakuambia, nilihisi baridi ya yale maji. Yule mtu alijua kazi. Ila katika kila picha alikuwepo mtu mmoja, mdogo, ametupa mgongo, ama njiani ama ukingoni mwa maji.

"Muzee, hawa ni nani?" nikamuuliza.

"Ni wale walinisindikiza."

"Na wote wametupa mugongo. Ao pua ndiyo inakushinda kuchora?"

Assani alicheka mpaka akakohoa. "Muache mugeni akule, weye. Huyu mudogo wangu, muzee, anaulizaka hata kuku sababu gani inataga."

Sikunyamaza. "Mutu akikusindikiza munatembea pamoja. Sasa nani alibakia nyuma yake ya kumuchora?"

Mgeni aliniangalia kidogo. "Ile ni swali ya mutu ya masomo," akasema, akarudi kwenye sahani.

Kitambaa cha mwisho kilikuwa njia yetu. Mteremko wetu, mianzi yetu, daraja letu la magogo lenye gogo moja lililopinda. Na alikuwa ametuambia kwamba hajawahi kufika huku. Picha hiyo peke yake haikuwa na mtu. Akampa Mariamu, shukrani ya chakula. Mariamu akaishika kwa ncha za vidole.

"Shemeji, mbona ya kwetu haina mutu?" akaninong'oneza.

Nikamwambia kwamba mgeni ni mwongo tu, alishapita hapa zamani. Mimi nilikuwa na jibu kwa kila kitu.

Sasa ujue desturi yetu, kama wewe si mtu wa huku. Mgeni aliyekula kwako hatoki peke yake. Unamsindikiza, na hugeuki mpaka yeye mwenyewe akuambie "rudi". Kumwacha kabla ya neno hilo ni kama kumfukuza. Kwa kawaida mgeni hulisema mapema, kwa kumhurumia mwenyeji. Nani aliwahi kufikiria mgeni asiyelisema?

Mgeni alipoinuka, Assani akavaa shati lake jeupe, lile ambalo Mariamu alilitia kiraka cha buluu begani. "Nitarudi sasa hivi," akamwambia mkewe. "Usimulaze mutoto, nitamubeba."

Wakashika njia ya darajani pamoja. Jua likaanza kushuka, naye hajarudi. Mtoto akalala mwenyewe. Mariamu aliingia kukiweka kile kitambaa mahali pakavu, kisha akaniita kwa sauti ndogo sana. Kwenye njia iliyochorwa, ng'ambo ya daraja, alikuwepo mtu ametupa mgongo. Shati jeupe. Begani, alama ya buluu isiyozidi punje ya mchele. Nikaigusa. Rangi ilikuwa kavu, kidole hakikuchafuka.

Nikatoka mbio.

Nilipovuka daraja nilimwona kaka yangu mbele, pale njia inaponyooka. Mgeni hakuwepo. "Yaya, rudi!" nikaita, kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Mutoto iko analia!" Nilidanganya ili ageuke. Nikamkimbilia. Unajua jinsi mtu anavyokuwa mkubwa ukimkaribia? Assani hakuwa mkubwa. Nilikimbia hadi kifua kikaniuma, naye alibaki vilevile, mdogo, hapigi hatua, hageuki. Ndipo nikaona kwamba majani ya kando ya njia hayatikisiki, ingawa upepo ulikuwa unanipiga usoni. Nikaangalia nyuma. Daraja lilikuwa karibu sana, ningeweza kulitupia kofia. Nilipotazama mbele tena, njia ilikuwa tupu. Kwenye tope zilikuwepo nyayo za mtu mmoja tu, za Assani, zikienda hadi katikati ya njia. Hapo zikaisha.

Mzungu wa serikali alituma polisi, halafu akasema Assani amekimbia pamba, bila shaka yuko kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Ni jibu ambalo hata mimi ningelitoa. Nilikwenda Salamabila mwenyewe, nikitamani kumkuta, nikitamani hata kumpiga kwa kutuacha na hofu ile. Hakuna aliyemwona.

Chuoni sijarudi. Siku moja nilikitoa ukutani kile kitambaa, ambako Mariamu alikuwa amekitundika, nikitaka kukichoma. Mariamu akasimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Ukichoma, shemeji, atarudia njia gani?"

Nilikirudisha ukutani. Tangu hapo nakitazama kila mara, na mtu yule anazidi kuwa mdogo. Kiraka sikioni tena. Mariamu anasema ni macho yangu tu, na jioni bado anamwekea Assani sahani yake.

Wewe unayesoma, mgeni wa namna hiyo akifika kwako, mpe chakula, sifu picha zake, mpe na maji. Lakini kabla hajainuka, mwombe atamke "rudi" akiwa bado ndani ya baraza lako, nawe ulisikie. Akikataa, kaa hapohapo ulipo. Mwache aende peke yake, hata majirani wakikuita mtu asiye na adabu.