Pembe ya Babu na Kozi ya Tatu ya Mama

Mkikutana na watu wa kwetu milimani wakaanza kucheka wakisikia jina la Nakunda, msiwaulize kitu, maana kila mmoja ana toleo lake, na katika toleo la mke wa mchungaji eti mimi nililia, sikulia, lile lilikuwa jasho, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe, aibu ni yangu na nitaibeba kwa mikono yangu.

Mama yangu ni mwalimu wa sekondari, yule wa aina ya kukurudishia karatasi yenye C akiwa ameishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. ("C ni alama ya mtu aliyelala huku macho yamefunguka," ndio wimbo wake, anao tangu sijazaliwa.) Mwaka juzi naye akaamua kurudi shule, shahada ya uzamili ya maendeleo vijijini, anasoma akiwa nyumbani, ikifika mitihani anashuka mjini Same kupanda basi la kwenda chuoni. Mpango wake wa kozi aliuchora nyuma ya kalenda ya zamani akaubandika kwenye mlango wa kabati la vyombo, muhula huu hizi, muhula ule zile, tasnifu mwisho, na mishale ya rangi, yaani ukitaka sukari lazima kwanza upite kwenye Mbinu za Utafiti.

Sasa kulikuwa na siri. Muhula uliotangulia mkasa huu Mama alijaza kozi tano badala ya tatu ili amalize haraka, na Takwimu zikampa C. Wastani ukashuka chini ya B, chuo kikamwandikia barua kwamba yuko chini ya uangalizi, na muhula unaofuata akishuka tena, au asipojisajili kwa wakati, jina linaondolewa. Barua ile pale kijijini tuliijua wawili tu, yeye na mimi (niliisoma bila ruhusa, lakini kusoma si ndio anachohimiza?). Mshauri wake wa masomo alimpigia simu, nikasikia nikiwa nyuma ya pazia: "Mwalimu, kozi tatu tu. Mbili za lazima, moja ya kuchagua. Usiniletee ushujaa."

Ijumaa Mama akanikabidhi simu yake. "Nakunda, panda Posta unisajili, kozi zenyewe nimeziandika hapa. Mfumo unafungwa kesho saa kumi jioni. Umenisikia?" Posta yenyewe si posta, ni jiwe kubwa nyuma ya nyumba ya Babu, mahali pekee pale kwetu ambapo mtandao unakaa bila kubembelezwa. Nikasema nimesikia Mama, nikapanda, nikafungua ukurasa wa chuo, nikaona nafasi ziko tele, halafu nikasema ngoja kwanza niangalie video moja ya watu wanaoanguka harusini. Niliangalia mpaka chaji ikaisha. Nikajiambia kesho ipo.

Kesho ikafika. Mama yuko ng'ambo ya bonde anavuna tangawizi, mimi saa tisa na robo nimekaa juu ya Posta kama afisa, nabonyeza kozi ya kwanza, imekubali, ya pili, imekubali, ya tatu, Uandishi wa Miradi, ikaandika kwa rangi nyekundu: nafasi zimejaa, chagua nyingine. Zilikuwa zimebaki mbili, Takwimu za Juu, ambayo ni kumrudisha mtu kwa mbwa aliyemng'ata, na Jamii na Usimamizi wa Maji, ambayo Mama aliikata kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda wala sikujua kwa nini. Kumchagulia mwenyewe naogopa, kushuka bondeni na kurudi ni zaidi ya saa nzima, na Mama namwona kabisa kule, kanga ya njano imeinama, nikamwita mpaka koo likakauka, hageuki.

Ndipo nikaikumbuka pembe ya Babu.

Babu ndiye mpiga pembe ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ambayo kila kaya inatoa mtu, iwe kusafisha mfereji au kutoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la udongo la kumwagilia. Sheria anaijua hata mtoto anayenyonya: pembe ikilia mara tatu unaacha unachofanya, unabeba jembe, unakuja. Na haipigwi bure. Mimi nikapiga hesabu zangu za hatari, nikasema nitapuliza mara moja tu, Mama atageuka, nitampungia, basi. Babu alikuwa amesinzia kitini, makande yamemlevya, nikaishusha pembe ukutani nikapanda nayo Posta.

Ya kwanza ikatoa sauti ya ndama mwenye kikohozi. Nikasema hiyo haihesabiki. Ya pili ikatoa sauti ambayo kwa heshima ya wazee siwezi kuiandika. Nayo nikasema haihesabiki. Ya tatu, sijui midomo ilikaaje, ikatoka ndefu, safi, ikagonga mlima wa pili ikarudi, hata mimi nywele zilisimama.

Kumbe huko bondeni zote tatu zilihesabika.

Wakaja. Jamani, walikuja! Majembe, sururu, ndoo, kwaya nzima imeacha mazoezi katikati ya wimbo, na mbele yao mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mbwambo, jasho mpaka kwenye miwani.

"Ndiva imepasuka?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ndiva imepasuka?"

"Haijapasuka."

"Moto?"

"Hapana mzee."

"Sasa nani amekufa?"

Babu akatokea peku, akaiona pembe mkononi mwangu. "Bado," akasema, "lakini mpeni dakika moja."

Wakati huo huo Mama akafika mbio, tope mpaka magotini, tangawizi bado iko mkononi, amedhani nyumba imeteketea. Mimi badala ya kumvuta pembeni kama mtu mwenye akili, nikaropoka mbele ya kijiji kizima: "Mama, kozi yako imejaa, mfumo unafungwa saa kumi, na usipojisajili watakuondoa kwa sababu ya ile C!"

Mama Namsifu, kiongozi wa kwaya, akaweka ndoo chini polepole. "Mwalimu naye ana C?"

Na huko nyuma Zakayo, ambaye Mama amempa C kidato cha kwanza, cha pili na cha tatu bila kupumzika, akapaza sauti: "Alikuwa amelala huku macho yamefunguka!"

Waliangua kicheko mpaka majembe yakaanguka. Mimi natafuta shimo. Mama akamtazama Zakayo, akanitazama mimi (hapo nilimwona hadi bibi yangu marehemu ananisubiri), kisha akakaa juu ya jiwe naye akaanza kucheka huku anajifuta macho kwa mkono wenye tope.

"Ni kweli, ninayo. Nilijipakulia kozi tano kama chakula cha msibani. Zimebaki zipi?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa. "Takwimu hapana. Ile ya maji niliikata kwa sababu wanataka ukae na jamii nzima uisikilize, na mimi nitawaita vipi watu wote hawa waache kazi zao?"

Watu wakatazamana, kila mtu na jembe lake. Mzee Mbwambo akavua miwani. "Mwalimu, si umeshatuita?"

Mama akabonyeza. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, saa kumi kasoro dakika sita, unazunguka tu. Mzee Mbwambo akageuka kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Kila mtu azime data! Zakayo, na wewe!" Wakazima wote. Ikatokea: umesajiliwa. Kwaya ikapiga vigelegele ambavyo hata Krismasi hawajawahi kuvipiga.

Nikaanza kunyata nirudishe pembe. Babu akanishika sikio. "Pembe hailii bure, mjukuu wangu. Ndiva ina tope, na watu wapo." Nikaingia wa kwanza, mpaka kiunoni, nikatoka wa mwisho, na pale ukingoni Mama ameketi na daftari, anawauliza wazee nani alichimba, zamu zinapangwaje, asiyekuja anafanywa nini, na wazee wanashindana kumjibu.

Muhula ule alipata B mbili, na ya maji A, barua ya uangalizi ikafutwa, na sasa ndiva ndiyo mada ya tasnifu yake. Kwenye kabati, kando ya mpango wake, amebandika wa kwangu, hisabati kila siku, kwa mishale. Na mimi nimeapa, nikitumwa leo nafanya leo, na kitu nisichojua kukipuliza sikiweki mdomoni.

Juzi niliisoma rasimu yake (bila ruhusa). Ukurasa wa nne ameandika: "Katika tukio moja, wito ulitolewa na mtu asiyeidhinishwa." Pembeni msimamizi ameandika kwa mkono: "Mtu huyu ashukuriwe mwanzoni mwa tasnifu." Chini yake, kwa kalamu nyekundu ninayoijua vizuri, Mama amejibu: "Akifika wastani wa B."