Nyumba Isiyo na Watani

Baba yangu alitaka kutukanwa. Nalisema mapema ili nisieleweke vibaya mbele ya safari. Alikuwa na duka la vitambaa na sukari karibu na msikiti, pale Bagamoyo, na mji mzima ulimsalimu kwa heshima. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Babu yake alitoka Maskati. Baada ya uhuru tukaambiwa mikutanoni kwamba sasa hakuna Mwarabu, hakuna Mhindi, hakuna Mzaramo, sote ni ndugu. Wengine waliitikia, wakarudi nyumbani kulala. Baba aliamini. Kanzu akaitia sandukuni, akashona shati la kijani la mikono mifupi, na shamba la ushirika lilipofunguliwa Zinga alikuwa wa kwanza kufika, na jembe jipya ambalo karatasi ya dukani ilikuwa bado imeganda kwenye mpini. Mihogo yake yote ilinyauka. Mwenyekiti akampongeza mbele ya watu, watu wakapiga makofi.

Jirani yetu, Mkwere, mihogo yake ilinyauka vilevile. Yeye aliitwa mvivu, wakasema anamwagilia kwa mate, akachekwa mpaka Kaole. Baba akapewa makofi. Nilikuwa msichana wa shule tu, lakini hata mimi nilielewa kwamba mambo yetu bado.

Maana pwani kwetu mtu hujulikana ni wa pale siku anapokufa. Mzaramo akifa, watani wake Wanyamwezi humiminika msibani. Wataigiza mwendo wa marehemu, watataja uchoyo wake, watanyakua masufuria na kukataa kuyarudisha mpaka wapewe chochote, na wafiwa watacheka machozi yakiwatoka. Alipokufa babu, watu walikuja, wakasoma, wakala, wakaaga kwa adabu. Hakuna aliyegusa hata kijiko. Baba alisema tunazikwa kama mabalozi.

Siku moja uvumilivu ukamwishia. Kwenye msiba wa Mzaramo mmoja, watani wakiwa wamepamba moto, baba naye akadakia kwamba marehemu kafa makusudi ili akwepe zamu yake ya kulima Zinga. Utani mzuri tu, mimi nasema. Mzee mmoja akammiminia kahawa na kumwambia, "Pole, ndugu. Jua la leo kali." Baba alirudi nyumbani akalala na viatu.

Bibi yangu, mama yake baba, hakuwa na taabu hizo. Yeye alikuwa Mwarabu na basi. Alivaa barakoa usoni, ile ya mabibi wa zamani inayoacha macho na kidevu, na kila chakula alikipima kwa Maskati, mahali ambapo hajawahi kutia mguu. Kahawa ya Maskati haiwi chungu hivi. Watoto wa Maskati hawapigi kelele hivi. Mara moja kwa mwaka alikwenda Kerege kuangalia minazi yake, akarudi na mafurushi ya kisamvu na uso mchangamfu. Hatukuwa na minazi Kerege. Ila bibi hakuwa mtu wa kuulizwa.

Basi ndipo akaja ami yangu, kaka mkubwa wa baba. Alizaliwa katika chumba kilekile cha uani tulichokuwa tukilala sisi, akaondoka baada ya uhuru kwenda Arabuni, na sasa alikuwa amerudi, miaka ya sabini mwanzoni, na saa nzuri mkononi, kutuchukua sote. "Umelima, umeimba nyimbo zao, umevaa shati lao," akamwambia baba. "Wamekupa nini?"

"Makofi," baba akasema.

Jikoni, peke yao, ami alimweleza mama yangu kwamba huko nako wanamwita Mswahili na wanacheka Kiarabu chake. Mbele ya baba hilo hakulitaja. Baba alichoka, akakubali. Mama akaanza kupanga vyombo kwenye masanduku. Bibi peke yake ndiye aliyegoma. Akauliza nani atamwangalizia minazi yake. Hatujamjibu vizuri, akafariki.

Siku ya tatu, wanaume wako barazani wamemaliza kusoma, akatokea bibi mmoja Mnyamwezi, muuza vitumbua wa sokoni. Babu yake aliletwa pwani na mzigo kichwani, akautua, akaghairi kurudi. Mwenyewe alikuwa amevaa barakoa aliyoikata kwenye boksi la majani ya chai. Akapita katikati ya wanaume kwa mwendo wa bibi yetu, ule wa kuburuta mguu wa kulia, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha marehemu, akaketi na kulipakata dele lake la kahawa.

"Kahawa gani hii?" akasema, na sauti ilikuwa ya bibi yetu hasa. "Kwetu Maskati haiwi hivi. Maskati si mbali, wanangu. Ukifika Kerege unakata kushoto, pale kwa mama yangu Mzaramo, aliyenizaa huku anapepeta mpunga."

Baraza likaangua kicheko. Mji mzima ulikuwa unajua! Ni sisi tu, wenye bibi yetu, ambao hatukujua.

Ami akasimama. Akafoka kwa Kiarabu, hakuna aliyeelewa, ikabidi arudie kwa Kiswahili chake kizuri cha Bagamoyo: mtoeni mwanamke huyu, anamtukana mama yetu.

"Namtukana mtani wangu," yule bibi akasema, hata hakuinuka. "Nisipomtukana mimi nani atamtukana? Wewe?" Kisha akamgeukia baba. "Na wewe, muuaji wa mihogo. Jembe unalishika utadhani litakung'ata. Mama yako Mzaramo, umerithi nini kwake, pua?"

Baba alikuwa ameinama. Mabega yalikuwa yakitikisika, na mimi nikadhani analia. Alikuwa analia, ndiyo, na kucheka pia. "Miaka yote hii," akasema, "mbona hamkunitania?"

"Mama yako alikataza. Alisema wanawe ni Waarabu. Tukawaheshimu. Leo hawezi tena kukataza."

Baba akamwambia dele ni lake, aende nalo. Lilikuwa la shaba, la babu, na ami ndiye aliyelitaka alipeleke Arabuni. Jioni ileile mama alifungua masanduku bila kuuliza, akarudisha sahani kabatini, na mimi nilifurahi mno, kwa kuwa sikutaka kwenda popote.

Lakini kabla ya hapo watu walikula. Yule bibi, barakoa yake ya boksi ikiwa imepanda kwenye paji la uso, alishika kazi ya kugawa pilau kama mwenye nyumba. Sahani ya baba aliitupa mkekani. "Kula, Mzaramo wa juzi, kabla hujaiua na hii." Baba alipokea anacheka, mdomo umeshajaa.

Alipomfikia ami akabadilika. Akajitengeneza khanga mabegani, akapiga goti, akamnyooshea sahani kwa mikono miwili.

"Karibu, mgeni wetu," akasema kwa upole. "Utusamehe, chakula chetu hakifanani na cha kwenu."

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya mgongo wa ami palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta chumba alichozaliwa. Akaipokea ile sahani, akasema ahsante, na baba akatazama pembeni.