Nilichagua font ya title ya filamu ya chuo, ukoo mzima ukamlilia mama yangu akiwa hai

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe, na kwa uchovu nilionao hata nguvu za kutunga sina.

Nasoma mambo ya filamu chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Kazi ya mwisho tulipangwa watatu: mimi, Neema na Baraka. Tukaamua kumrekodi mama yangu mzazi, Bi Somoe, nyumbani kwetu Mikindani, akibangua korosho na kupiga stori zake. Filamu tukaipa jina lake, "Bi Somoe".

Kushuti hakukutusumbua. Kilichotutoa roho ni font ya title.

Neema alitaka herufi za kujikunja kama Kiarabu, eti ndiyo pwani. Nikamwambia hizo ni za vibao vya hoteli za watalii. Baraka akataka herufi nene zinazowaka moto, utadhani mama anakwenda kulipua bandari. Tulibishana hadi tukanuniana. Kazi za group jamani, anayezijua ni Mungu.

Mwishowe nikachagua mimi. Sura ya mama nimeiondoa rangi, nyuma kweusi, chini jina lake kwa herufi nyeupe za mlazo zenye mikia. Niliipenda mno, sikujiuliza kwa nini.

Nikapiga screenshot, nikaitupa kwenye group la ukoo watu waseme kama imependeza. Picha ikaenda. Naandika "mnaionaje?", bundle ikakata. Nikasema potelea mbali, nikaingia darasani.

Sasa niwape kitu kimoja mnielewe. Nikiwa sina vipindi huwa napiga kazi stationery moja mjini. Kule tunatengeneza kadi za tanzia, na huku kwetu siku hizi mtu akifariki, msikitini hawajatangaza, kadi imeshazunguka kwenye simu. Picha isiyo na rangi, weusi, jina kwa herufi za mlazo.

Font ile ile. Nimewaandikia marehemu wengi kwa font hiyo mpaka macho yangu yakaiona ndiyo nzuri.

Natoka darasani, simu inaita. Mjomba.

"Jikaze mjomba. Mama tunamzika saa ngapi?"

Wakuu, nilimwacha mama asubuhi anakunywa chai, lakini kwa muda ule hata mimi niliamini. Nilipanda bodaboda hadi Mikindani nalia kama mtoto, wala sikuona aibu.

Nakuta mikeka imetandikwa uani, wanaume na kofia zao, kina mama wamejifunika kanga, mchele umeshaletwa. Na katikati yao mama yangu amesimama, mikono myeusi kwa mafuta ya korosho, anauliza, "Kafa nani?" Kila mmoja anamsukumia mwenzake amjibu. Yeye anatumia kitochi kisicho na WhatsApp, picha hajaiona.

Hapo ikaingia bodaboda nyingine na mama mdogo Zuhura kutoka kijijini Msimbati, mdogo wake mama. Hawa waligombania mikorosho ya bibi na hawajasemeshana miaka. Ameshuka na kilio, akamwona, akaganda.

"Dada, si umekufa wewe!"

"Nimekufa lini na korosho zangu ziko motoni?"

Mama mdogo akamwangukia. Walilia wote wawili, mikono ya mama ikamchafua gauni lote. Mimi nikaeleza yote. Nilistahili kipigo, ila mama akasema mchele umeshafika, upikwe, watu wale.

Font tukabadilisha. Herufi za kawaida zilizonyooka, Baraka kachagua na hakuna aliyebisha. Wote tulikuwa hoi.

Nilichojifunza: kabla ya kusema font ni nzuri, jiulize watu wako wameizoea kuiona wapi. Na uandike maneno kwanza, ndiyo utume picha.

Wataalamu wa design nisahihisheni, nakaribisha hata matusi. Ila kuna jambo lingine ndilo linalonichosha kweli, na ndilo nataka mnisaidie.

Watu walipoondoka, mama alikaa ananawa mikono kwa majivu. Akaniuliza taratibu, "Na kaka yako?"

Kaka yangu yuko Dar. Nilishaangalia kwenye group. Chini ya ile picha aliweka vile viganja viwili vya dua, basi. Hakupiga simu. Baadaye akapost mambo ya mpira.

Nikamwambia mama, Dar leo mtandao ulikuwa unasumbua.

Mama akaendelea kusugua vidole, hata hakuniangalia.

"Msimbati umefika, Dar haukufika?"

Sijamjibu mpaka leo. Nyie mngemjibu nini?