Mdogo Wangu Anafunga Kila Siku Shuleni

Admin, jina langu lifiche vizuri, warembo wa mtaa wetu wa Saint-Josse wakijua nalia nimekwisha. Nina miaka kumi na tisa, Mrundi wa mtaa wa Buyenzi niliyekulia Brussels. Shule niliiacha. Haikunishinda, tulichokana tu. Napanga mboga dukani kwa Mturuki na kwa mdomo sijaona mpinzani. Ila hili limenishinda.

Naishi na mama na mdogo wangu wa kike wa miaka kumi. Mama anatoka alfajiri kusafisha maofisi, changu chote kinamezwa na kodi ya nyumba. Shuleni kwa mdogo wangu, watoto wa hali ya chini wanakula mchana bure, wengine wanapunguziwa bei. Mama alikataa katakata. "Kwa baba yangu Buyenzi watu walikula mpaka barabarani! Leo mwanangu apange foleni ya maskini? Mkate upo, atabeba." Bon, yakaisha.

Juzi nikaenda kumchukua. Madame wao, mwalimu wa darasa, akanijia anatabasamu: "Mdogo wako ana dini kweli! Wenzake wakila, yeye anakaa na vitabu. Anasema amefunga."

"Huyo mtakatifu, Madame, dhambi zote kaniachia mimi," nikamjibu, tukacheka. Halafu kicheko kikanikauka. Ramadhani imeisha zamani, jamani.

Njiani nikamwuliza, "We mtoto, unafunga nini?"

Akainama. "Mkate ukiwa kidogo naurudisha kabatini. Mama akitoka kazini anakuwa hajala."

"Sasa kwa nini umdanganye Madame?"

"Nikisema sina chakula atanipa cha bure. Mama ataona aibu. Kaka, apa hutamwambia."

Nikaapa, mjinga mimi. Nikageukia magari asinione uso.

Jioni mama akafungua kabati, akaukuta mkate, akafurahi. "Si niliwaambia? Hapa hatujakosa." Mtoto akaitikia, "Ndiyo, mama."

Shule inawajua maskini wake kwa sahani za bure. Mdogo wangu hana sahani, kwa hiyo kwao yeye ana dini tu.

Nikimwambia mama, namjua, ataacha kuugusa mkate kabisa, na mdogo wangu hataniamini tena. Nikienda kwa Madame kimya kimya, mama alishasema atakayemwombea mtoto chakula cha bure asimwite yeye mama tena. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngeshika lipi? Nijibuni upesi, Jumatatu anarudi shule.