Mnyororo wa Shangazi Cheche

Shangazi yangu anachomelea vyuma, na jina lake la kazini ni Cheche. Mafundi wenzake wanasema walimpa kwa ajili ya moto wa mashine yake, lakini sisi wa nyumbani tunajua limetokana na mdomo. Mageti, madirisha, vitanda vya wagonjwa: chuma chochote utakachogonga upande wetu wa mji kimepita mikononi mwake. Haogopi moto, haogopi mwanamume, haogopi mteja mwenye gari kubwa. Alichokuwa akikiogopa ni maji. Tukifika ufukweni alikuwa analowesha vidole vya miguu, kisha anarudi kukaa mchangani na kutuita wajinga.

Mimi, mpwa wake, ndiye niliyemtia baharini. Kazi yangu ni kuzamia na kuhesabu viumbe wa sakafu ya bahari, na katika ghuba yetu kuna kitu ambacho nikianza kukieleza sinyamazi. Ni uwanda wa mawe ya rangi ya waridi, mengine kama ndimu, mengine kama ngumi, yametapakaa chini kote. Na si mawe! Ni mwani, mwani unaojijengea mwili mgumu wa chokaa. Unakua polepole mno, hata pande la ukubwa wa ngumi linaweza kumzidi shangazi umri. Haujishikizi popote, mawimbi huubiringisha kidogo kidogo ili kila upande upate mwanga. Katika mianya yake kuna kaa wadogo kama vifungo vya shati, viti vya pweza wenye umbo la nyota, majongoo bahari, na vifaranga vya samaki waliojificha wasiliwe. Ukiona vile utataka kupiga kelele huko huko chini ya maji.

Juu ya mji huo ndipo nahodha wa boti kubwa ya matembezi alipokuwa akitupa nanga kila siku. Nanga ikiburutwa, inasaga mwani ulioanza kukua kabla babu zetu hawajazaliwa. Nilimsihi mpaka akachoka na mimi.

"Binti yangu," akasema, "nipe kitu cha kufungia boti. Nikikivuta kwa injini zote kikashika, nanga yangu hutaiona tena pale. Kikichomoka, usinijie tena na habari za mawe yenye uhai."

Nikakimbilia karakana.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au una shida?"

"Nina shida."

"Nilijua. Salamu yako ilikuwa na haraka."

Alitengeneza parafujo ya chuma ndefu kama mtu mzima, ya kukazwa chini katikati ya mwani bila kuuponda. Kutoka hapo mnyororo ungepanda hadi kwenye boya la kufungia boti. Na kwa kuwa ananipenda, aliniwekea mnyororo mnene mara mbili ya niliouomba. "Kizito ndicho kinachoshika," akasema, na nani angebishana naye?

Tuliufunga, tukaujaribu wenyewe kwa boti ya kituo chetu cha utafiti, ukashika barabara. Shangazi alicheza gatini mpaka watu wakapiga makofi. Siku chache baadaye nikazama kukagua, moyo ukanishuka. Mnyororo ulikuwa umelala chini kwa uzito wake, ukizunguka kila maji yanapojaa na kupwa, na umefagia duara zima. Ndani ya duara hapakuwa na waridi, ni unga mweupe tu. Nililia ndani ya barakoa.

"Mnyororo wangu?" shangazi akafoka. "Kalale, umechoka."

Nikamwonyesha picha. Akasema picha siku hizi zinadanganya. Akavua glavu, akazitupa mezani. "Nitakwenda kuangalia mwenyewe."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Lakini wiki ile ile alikuwa kwenye bwawa la kuogelea, ameng'ang'ania ukingo, akimtukana mwalimu kwa adabu. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," akasema, meno yakigongana, akaachia! Nilishangilia hadi mwalimu akaniomba nikasubiri nje.

Siku ya kuzama baharini alinishika mkono hadi vidole vikafa ganzi. Tulipofika chini akafumbua macho. Akanyoosha kidole kimoja, akagusa mwani, na kaa mdogo akachomoza akamnyooshea magando. Shangazi akarudi nyuma kama aliyetukanwa. Kisha akaliona lile duara jeupe. Akalizunguka lote. Halafu akaushika mnyororo kwa mikono miwili, akaunyanyua kutoka chini kama mtu anayenyanyua pindo la gauni lisiguse tope, akanitazama.

Tulipoibuka hakungoja hata kuvua barakoa. "Chelezo! Nataka kitu chepesi, tukifunge katikati, kiubebe!" Alikuwa anapiga kelele, amesahau kabisa kwamba yumo majini.

Akaukata mnyororo wake mnene, akabakiza kipande kifupi, akaunga kamba imara na chelezo kigumu cha nyavu kubwa. Ndipo tukamwita nahodha.

Akafunga boti, akawasha injini zote. Kamba ikakaza, boya likazama nusu, maji yakachemka nyuma yetu. Shangazi alinibana mkono. Boti haikusogea. Nahodha akaongeza moto. Haikusogea! Akazima, akakuna kichwa.

"Fundi, hiki kidude chako..."

"Usione vyaelea, vimeundwa," shangazi akamjibu, huku tayari anajifunga mtungi wa hewa.

"Unakwenda wapi tena?"

"Kukagua kazi yangu."

Tukazama pamoja. Chelezo kilikuwa kimeubeba mnyororo juu, unaning'inia bila kugusa kitu. Duara jeupe halikuwa limeongezeka, na kuanzia ukingoni mwake ni waridi tupu.

Wiki iliyofuata mkokoteni ulisimama mbele ya karakana. Nahodha alikuwa nyuma yake, ameloa jasho, na juu yake kulikuwa na nanga yenye kutu.

"Ya dharura ninayo nyingine," akasema. "Hii ndiyo niliyokuwa nikiitupa pale. Ikate, fundi. Mwenzangu wa boti ya pili naye anataka boya."

Shangazi akaizunguka, akaigonga kwa nyundo, akasikiliza. "Chuma kizuri," akasema. Akashusha barakoa ya kuchomelea, akaniita nishike upande wa pili.

"Kaza mikono, mpwa wangu. Na usitazame moto."