Mpenzi Wangu Ndiye Aliyechaguliwa Kuniposea Mke

Admin, lifiche jina langu, na kijiji pia, maana kwetu Masisi ukitaja mlima tu watu wanajua nyumba. Nina miaka ishirini na tisa, ni mtoto wa kwanza, mkulima wa maharagwe na viazi. Mimi ni mwanaume na ninampenda mwanaume. Wenye matusi anzeni kuandika sasa hivi, wengine mnisikilize.

Ninayempenda ni mwalimu, mtu wa Walikale, anapanga chumba karibu na kwetu. Nyumbani wanamjua kama rafiki yangu, anakula kwetu, Mama anamwita mwanangu. Yeye ndiye aliyenizoesha kusoma riwaya za Kifaransa kwenye simu, zile za kuchekesha za wanaume wawili wanaopendana. Tunazozipenda kuliko zote ni za mapenzi ya kuigiza. Wanaume wawili wanapatana wajifanye wapenzi kwa sababu fulani ya kipuuzi, labda harusi ya dada wa mmoja wao, halafu wanajikuta wamependana kweli. Mwalimu hucheka mpaka machozi. Mimi kinachoniua ni kitu kidogo tu: wanashikana mikono mezani, bibi kizee anawaongezea chakula, na hakuna anayeshtuka. Wao wanaanza na ruhusa, mapenzi yanafuata. Sisi mapenzi tunayo miaka mitatu, ruhusa hatujaiona hata kwa mbali.

Basi ujinga wangu ulianzia hapo. Nilichoka na Papa, baba yangu, na "utaoa lini" yake. Nikasema, kama watu wa vitabuni wanaigiza, mimi nitashindwa nini? Nikamwomba rafiki yangu, dada mmoja msusi wa Sake anayejua siri yetu, aje kula Bonane, sikukuu ya Mwaka Mpya, kwetu kama mchumba wangu. Kwao nako walikuwa wanamsumbua na ndoa, akakubali. Tulipatana ni sikukuu hiyo tu, baadaye tungesema tumegombana.

Lakini vitabuni hakuna mashangazi! Mama alimfunga yule dada kitenge kipya mbele yao wote, naye akapokea kwa mikono miwili. Angefanyaje? Kwetu hapo mchezo umekwisha: msichana akipokea kitenge cha mama mkwe, amekubali kuolewa. Papa akatuma ujumbe Sake, kwao wakajibu tuje. Sasa mbuzi wamefungwa nyuma ya nyumba, na kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, inachacha kwenye bidoni. Nikamuuliza dada tufanyeje. Akanijibu, "Kaka, miye nilikuyaga kula mbuzi ya Bonane tu. Sasa tuoane basi, kila muntu akuwe na maisha yake." Alisema hivyo huku anamsuka mteja, wala hakuinua kichwa.

Aliyenimaliza kabisa ni Papa. Siku ya kuposa lazima tuwe na msemaji, na Papa akasema mbele ya familia yote, "Mwalimu njo atatusemea. Iko na kinywa muzuri, na iko ndugu yako kabisa." Mwalimu akainamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, Papa."

Nilimfuata nje nikiwa nawaka moto. Kwa nini umekubali? Akaniambia, "Nikatale niseme nini? Papa ataniuliza sababu. Nitamupatia gani?" Halafu akaongeza, "Nitasema muzuri. Nikimaliza, nitapanda pikipiki niende kwetu Walikale. Usinifwate."

Nina hasira mpaka sijui nimkasirikie nani. Papa hana kosa, anampenda mtoto wake. Dada hana kosa, nilimwita mwenyewe. Nabaki kuwakasirikia watunzi wa vile vitabu, watu ambao hata hawajui kama mimi nipo.

Jana mchana Papa alitaka mwalimu afanye mazoezi. Mimi nikae kitini kama baba wa msichana, yeye asimame mbele yangu aseme. Papa akaenda kuangalia mbuzi. Mlango ulikuwa wazi, Mama yuko nje anamenya mihogo. Mwalimu alianza na mithali zile za kawaida, kisha akaacha kutazama ukuta, akanitazama mimi.

"Muzee, mu hii nyumba muko muntu mwenye alikamata roho yetu. Tulimupenda tangu zamani, tulikuwa tunaogopa kusema. Leo tunasema mbele ya watu yote: tunamutaka, na hatutamuacha."

Sauti ilimkatika. Mimi nilitakiwa nijibu kama mzee, niulize mbuzi wako wapi. Nilichoweza kusema ni, "Nimekubali."

Mama akapiga vigelegele huko nje. "Muzuri sana, mwalimu! Rudia ile ya mwisho, sema na nguvu!"

Akarudia.

Jumamosi tunashuka Sake. Nikisema ukweli, nawapoteza wazazi, na mwalimu wanaweza kumfanyia ubaya. Nikinyamaza, namwoa mtu asiyenitaka, na mtu wangu anarudi Walikale moja kwa moja. Ninyi mnaosoma haya, ingekuwa ni ninyi mngefanya nini? Nijibuni kabla ya Jumamosi, maana ameniomba mara mbili sasa, na mara zote mbili nimekubali.