Tundu la Pili Ubavuni

"Boti inaingiza maji, halafu dawa yako ni kuitoboa tena! Shemeji, umeniona bwege?"

Nahodha alisimama mbele ya kisanduku cha drili, mikono kaipanua kama kipa. Wazo lake lilikuwa jepesi: pampu mpya aliyoinunua iungwe kwenye mpira wa pampu ya zamani, zote mbili zitemee maji kwenye tundu moja. Basi, kwisha kazi.

"Pampu mbili mlango mmoja? Yenye nguvu itamtapikia mwenzake, maji yazunguke humo humo ndani," shemeji yake alimjibu bila kuinua macho. "Kila pampu na tundu lake. Hutaki, tafuta fundi mwingine."

Fundi mwingine hakuna, na nahodha alilijua hilo. Mwanamke huyu, mjane wa kaka yake, gati nzima ilimwita Kizibo. Alianza na kuziba matangi ya maji juu ya mapaa ya watu, mwaka ule mumewe alipomwachia watoto watatu na kisanduku cha spana. Watu walicheka: mama mzima juu ya bati, gauni juu ya suruali! Akacheka nao, akapanda. Kutoka matangi akaingia mabomba, kutoka mabomba akaingia boti, na wale wale waliocheka ndio leo wanampigia simu alfajiri. Skrubu huzibana kwa midomo. Ukimsemesha wakati huo anakujibu kwa nyusi.

Ila lililomnyima nahodha usingizi lilikuwa jingine. Boti yake ndiyo iliyovusha wanafunzi kila asubuhi, na mwanawe wa mwisho hukaa mbele kabisa. Wiki iliyopita maji yaliwafika watoto kwenye vifundo vya miguu, na pampu haina ubovu wowote. Wazazi wameitisha kikao Jumapili saa nane.

"Tundu la zamani nilitoboa kwa mkono wangu," akasema. "Liko juu ya maji shibiri nzima. Si hilo hapo, unaliona!"

"Ulipima boti ikiwa na watu?"

Nahodha akaipima tena ile shibiri ubavuni.

Kizibo hakubishana. Alikwenda kwa wachukuzi waliojipumzisha ubavuni mwa ghala, akarudi nao kumi na wawili, akawaingiza botini.

"Kaeni wote upande huu. Hivyo hivyo kama watoto wakiona kitu majini."

"Mama, tukizama je?"

"Mtazama na mwenye boti. Wewe mnene, sogea ukingoni. Leo kitambi kimepata kazi."

Boti ikalala upande. Lile tundu la shibiri nzima likashuka, likagusa maji, likamezwa. Kizibo akauchomoa mpira kwenye pampu, na maji ya nje yakaja mbio mpaka ndani, yakajaza viatu vya nahodha.

"Boti yako haivuji. Ni mlango huu. Pampu inayatoa, ikipumzika tu yanarudi kwa njia ile ile."

Miezi mitano nahodha amemlaumu muuza pampu, amelaumu faiba ya boti, hata watoto amewalaumu kwa chupa zao za maji. Kumbe! Na Kizibo hakumcheka, hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliinama tu, akachora mstari pale maji yalipofika, akapanda juu viganja viwili, akatia alama mbili.

Jumamosi boti ikavutwa nchi kavu. Kizibo alitoboa kijitundu chembamba kwanza, akaingia ndani kuhakikisha hakuna waya njiani, ndipo akafunga msumeno wa duara kwenye drili. Nahodha akageuka kutazama ukuta wa ghala. Matundu mawili mapya yakatoka, safi kama yalikatwa siku boti ilipozaliwa. Akapaka gundi, akapachika mdomo wa shaba, akakaza nati mpaka gundi ikachomoza mviringo mzima bila pengo. La zamani akaliziba kwa faiba. Mipira akaipandisha juu kabisa kama shingo ya bata, kisha ndipo akaishusha kwenye matundu, klipu mbili kila mwisho.

"Mbili za nini?"

"Moja ikilala, nyingine inakesha."

Jumapili wachukuzi walikuja bila kuitwa. Wakajaa upande mmoja, matundu yakabaki makavu. Kizibo akamwaga ndoo sita ndani. Pampu ya kwanza ikanguruma, naye akachomoa waya wake makusudi. Maji yakapanda vidole viwili, boya la pili, lile la kuiwasha pampu mpya, likainuka, pampu mpya ikaamka yenyewe, ikayatema nje mpaka yakaisha. Ikanyamaza. Wote wakakodolea macho mpira. Haukurudisha hata tone.

"Shemeji," nahodha akasema, sauti imemlainika, "twende kikaoni ukawaeleze wazazi."

"Niwaeleze nini? Tundu la zamani nilitoboa mimi?"

Wachukuzi wakaangua kicheko. Nahodha naye akacheka, kisha akaacha. Aliukamata ule mkono wa shemeji yake uliojaa gundi, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Saa nane kasoro. Akakung'uta suruali, akapanda ngazi za gati kwenda kuwaambia wazazi kosa lilikuwa la nani.